Shangazi, wanangu wanasema gari hili litawaaibisha

Shangazi, nakusalimu. Ningesema shikamoo, ila nina miaka 61 na huenda wewe ndiye unayetakiwa kuniamkia. Nimefundisha shule ya msingi hapa Moshi miaka 36, nikastaafu mwaka jana, na kiinua mgongo kimeshaingia. Baba watoto alifariki miaka sita iliyopita. Nyumba ninayo, deni sina.

Mwezi uliopita nilikuwa Arusha, nikapita kwenye yadi moja ya magari nikaona kigari chekundu, Daihatsu Copen ya 2003, viti viwili tu. Kijana wa pale akafungua vibanio viwili juu ya kioo cha mbele, akabonyeza swichi, paa likajikunja lenyewe likaingia kwenye buti. Shangazi, nilisahau kilichonipeleka Arusha. Anataka milioni 13. Anasema lilikuwa la mzungu, halijatembea sana, na turbo ni mpya.

Wanangu wamefanya kikao kwenye simu. Mkubwa anasema nitawaaibisha, watu watasema mama kapata kibenteni. Kwa hela hiyo, anasema, bora anitafutie Noah aiweke barabarani, iniletee hesabu kila siku. Binti yangu anauliza wajukuu watakaa wapi. Mdogo amenyamaza. Usharikani sijathubutu hata kutaja. Je, ni uzee unanichezea, au ninaweza kununua?

Mwalimu mstaafu, Moshi

*

Mwalimu, shikamoo. Umenizidi miaka miwili, kwa hiyo nimekuamkia, na sasa naomba ruhusa nikukaripie kidogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kuna wanao, kuna kibenteni, kuna usharika, kuna mzungu. Fundi hayumo. Umekaa mwezi mzima unahangaika watu watasemaje, na gari lenyewe hujaliinamia hata mara moja kuangalia linavuja wapi.

Kwa hiyo hayo ya watu niyapitie haraka. Kibenteni: atakaa wapi, na kiti kilichobaki kimoja umeshaweka mkoba? Noah: nimeona Noah za kiinua mgongo cha mama, Mwalimu. Miezi mitatu hesabu inakuja, mwezi wa nne gia boksi, mwezi wa tano dereva hapokei simu na mwanao naye anazungukazunguka maneno. Sisemi mwanao ni mtu mbaya. Nasema mtu anayesema gari lako ni aibu, huku ana mpango wake juu ya hela hiyo hiyo, huyo siyo shahidi, ni mnunuzi mwenzako.

Binti yako ndiye kauliza swali la maana. Wajukuu hawataenea. Atapanda mmoja kwa zamu, amefunga mkanda, na hakuna kumpakata mwingine hata kama ni kutoka hapo Rau hadi Majengo tu. Ukiwa ndiye unayewapeleka wote shule kila asubuhi, basi gari hili si lako, tafuta lenye milango minne tuishie hapa. Kama huwapeleki, endelea kusoma.

Hesabu ya hela utaifanya mwenyewe, maana hukuniambia kiinua mgongo ni kiasi gani na ulifanya vizuri. Bei ya gari ongeza milioni tatu za kukaa pembeni mwaka wa kwanza. Ukishatoa hiyo 16, hela ya hospitali na ya kubadilisha bati la nyumba bado ipo? Ikiwa ipo bila kukwangua, hakuna mtoto unayemwomba ruhusa. Unawaarifu.

Sasa gari.

Copen ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na imewekwa kwenye lile daraja lao la magari madogo ambalo injini hairuhusiwi kuzidi cc 660. Ndiyo maana hiyo yako ni cc 659, urefu haufiki mita tatu na nusu, uzito kama kilo 830, nguvu farasi 64. Usicheke. Bajaji ina tairi tatu na inapanda Kibosho. Lakini kwa ukubwa huo wa injini, turbo siyo pambo, ndiyo inayolivuta gari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inapungua. Moshi mjini tuko chini ya mita 1,000, na geti la Marangu liko juu ya 1,800. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, kwa hiyo upungufu huo inaufidia. Ikiwa nzima, mlimani utafurahi. Ikiwa imekufa, utapitwa na wenye mikungu ya ndizi kichwani.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Miaka kumi na kitu iliyopita nilinunua steshenwagoni yenye turbo kwa mtu aliyeniambia maneno hayo hayo, kwamba turbo ni mpya. Sikuuliza mpya kwa nini, ile ya zamani iliuawa na nini. Turbo ni panga boi dogo linalozungushwa na moshi wa eksozi, mizunguko zaidi ya 100,000 kwa dakika, na mhimili wake unaelea juu ya utando wa oili. Oili ikichakaa au njia yake ikiziba, kinachofuata ni kusagana. Mimi nilikuwa namwaga oili ya zamani na kuweka mpya nikikumbuka tu. Nilikuwa napanda Kibosho mguu chini, nikifika nazima hapo hapo, huku ile chuma bado nyekundu na oili iliyobaki ndani inaungua ikawa masizi. Mwezi wa sita ikaanza kupiga mluzi kama filimbi ya trafiki. Siku moja nikitokea Boma Ng'ombe, Hiace ya nyuma yangu ikaniwashia taa mfululizo. Nikadhani ananisalimia. Kutazama kwenye kioo, nyuma yangu barabara haionekani, yote moshi wa bluu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtafute fundi ambaye hana undugu na yadi, umlipe wewe, na umlipe vizuri. Nendeni asubuhi bila kupiga simu. Mkifika, kabla hata ya salamu kwisha, weka kiganja chako juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu kaliwasha mapema ili usione linavyoamka, na hapo una haki ya kuuliza kwa nini. Ikiwa ya baridi, fundi afungue kifuniko cha oili achungulie. Akikuta uji mweusi umeganda kama lami, mshukuru kijana, rudini Moshi mkapate mtori.

Likiwashwa, simama nyuma, siyo mbele. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia yasikotakiwa. Liache lingurume taratibu dakika tano, kisha fundi akanyage mara moja. Turbo iliyochoka mara nyingi hujitangaza hapo. Halafu mpande nalo Ilboru. Mluzi mwembamba ni kawaida yake. Kelele ya kukwaruza, au gari linaloguna halivuti, siyo kawaida.

Na mkanda wa taimingi, ule unaofanya sehemu za ndani ya injini zizunguke kwa mpangilio. Injini hii ya 2003 ina mkanda, siyo mnyororo, na kilometa 100,000 ndiyo mwisho wake hata kama ulitunzwa. Kijana atakwambia limetembea kilometa 60,000 tu. Vizuri, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umekaa, na huo una zaidi ya miaka ishirini. Kama hana risiti ya kuonyesha ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo ikatwe kwenye milioni 13. Wewe umefundisha hesabu miaka 36, usione haya kuandika hesabu ya kutoa mbele yake kwenye karatasi.

Turudi kwenye paa, maana ndilo lililokuibia moyo. Yule kijana alikufungulia mara moja. Wewe lifungue na kulifunga mara kumi. Najua atanuna. Sikiliza: linatakiwa lipande pande zote mbili sawasawa, kwa sauti ile ile, kama sekunde ishirini hivi. Likisita katikati, au upande mmoja ukitangulia, kuna shida kwenye mitungi au pampu ya haidroliki, na spea hizo hazipo Mbuyuni wala Unga Limited, zinaagizwa Japani. Ingiza mkono kwenye pembe za buti utafute mafuta yaliyovuja. Kisha inua kapeti chini ya viti, likamue kwa vidole, ulinuse. Harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni maana yake maji yanaingia siku nyingi.

Halafu waambie walioshe gari wewe ukiwa umekaa ndani, paa limefungwa. Ndiyo, wewe, na kitenge chako. Wamwage maji juu bila huruma. Ukitoka mkavu, raba zake bado nzima, na masika ya huku hutalala ukiliwazia.

Mengine fundi anayajua: alale chini atazame kutu, maana Japani kwenye theluji humwaga chumvi barabarani, na vigari hivi huliwa kwenye kingo za chini ya milango. Rangi nyekundu iliyopulizwa juzi inaficha puti.

Karatasi nazo zisikusumbue sana. Jina kwenye kadi, namba ya chesisi inayofanana na ya kwenye gari, faini za trafiki zinazodaiwa, kisha umiliki uhamishwe TRA kabla ya kumaliza kulipa. Kadi ndiyo itakayokwambia kama huyo mzungu aliwahi kuzaliwa.

Ukiona hili halifai na kijana akasema basi akuagizie jingine la umri huo huo, kumbuka gari dogo likizidi miaka kumi TRA huongeza asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, juu ya ushuru wa kawaida. Ndiyo maana mimi ningehangaika kwanza na yaliyokwisha kuingia nchini.

Kuna mambo ya kuishi nalo ambayo hakuna aliyekwambia. Paa likiwa limekunjwa, buti lote limekwisha. Ukienda sokoni funga paa, la sivyo mchele utaukalisha kiti cha abiria. Gari liko chini sana, na kati ya Moshi na Arusha kuna kilometa kama 80 na matuta usiyoyapenda. Yapande kimshazari, tairi moja moja. Kama kihamba chenu, lile shamba la ukoo, kina njia ya mawe, liache kwa jirani wa barabarani upande kwa miguu. Na saa saba mchana Januari usithubutu kulifungua, utaiva.

Umeuliza kama ni uzee. Anayenitisha mimi ni kijana wa miaka 22 anayepewa turbo. Mwanamke aliyesahihisha madaftari miaka 36 hatapita tochi ya trafiki na 120.

Huyo mdogo aliyenyamaza, mpigie. Usimwombe maoni, mwombe akusindikize Arusha siku ya kukagua. Nina hisia zangu kuhusu ukimya wake. Mkubwa mwambie mwenyewe, kwa sauti, siyo kwenye kundi, kwamba suala la Noah limefungwa. Usharikani Jumapili ya kwanza nenda paa limefungwa, umpe lifti mama mmoja mwenye mdomo. Ya pili wataomba wenyewe lifunguliwe.

Likipita kwa fundi, safari ya kwanza ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Jifunge kilemba vizuri, upepo una nguvu kuliko unavyodhani. Oili mwaga kila kilometa 5,000, usisubiri kukumbuka kama mimi. Na ukishafika Marangu usizime hapo hapo. Liache lingurume dakika moja, ndipo ugeuze ufunguo.