Jibu: Hita ya injini kwa Ford F-100 ya zamani

Ndugu yangu, umeuliza kama pikapu yako F-100 ya 1972 inahitaji hita ya injini (kifaa cha umeme cha kupasha injini moto kabla ya kuwasha gari) kwenye baridi ya huko Minnesota, Marekani, na kama iachwe kwenye umeme usiku kucha. Hita funga, tena kabla theluji haijaanza. Nzuri ni ile inayoingia kwenye tundu la kizibo cha bloku (mwili wa injini) na kupasha moto kulanti, yaani maji ya kupoza injini; za kubandika chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) hupasha oili zaidi. Usiku kucha ni kupoteza umeme bure: masaa 3 au 4 kabla ya kuwasha gari yanatosha, weka taima.

Ila tafadhali sana, usiichomeke kabla hujajaza kulanti na kutoa hewa yote. Ikipata moto ikiwa kavu, inaungua. Na ekstensheni iwe nene, ya kutumika nje. Nyembamba hupata moto na inaweza kukuunguzia nyumba.