Mpeni mhadhiri agizo, si ugonjwa wa mwanafunzi

Nimepokea barua kwamba mwanafunzi wangu aongezewe dakika 30 katika mtihani. Je, nina haki ya kujua anaugua nini? – Mhadhiri

Huna. Barua imekwambia unachohitaji: dakika 30. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka taarifa zinazokusanywa zisizidi mahitaji ya kazi iliyokusudiwa, na saa ya mtihani haihitaji jina la ugonjwa. Taarifa za afya zimelindwa zaidi: kifungu cha 46 kinaziacha mikononi mwa wahudumu wa afya na wale waliofungwa na sheria kutunza siri. Mhadhiri wa uhasibu si mmoja wao. Ukishuku barua ni ghushi, ipigie simu ofisi iliyoiandika. Usimsimamishe kijana mbele ya wenzake ajieleze.

Na nyinyi wa ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, acheni kuambatisha ripoti ya daktari kwenye barua za idara. Kila nakala inapita kwa karani, kwa mesenja, kisha inalala kwenye droo isiyofungwa.

Nimeagizwa niweke kwenye WhatsApp ya darasa majina ya watakaofanyia mtihani chumba cha pekee. – Kiongozi wa darasa

Usiweke. Swali hili hurudi kila msimu wa mitihani, na jibu halijabadilika. Kila mmoja atumiwe ujumbe wake, na ofisi, si wewe. Kama orodha imeshatoka, ifute na uwajulishe wakuu leo hii: ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wanafunzi hao, chuo kina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data tangu kijue. Anayedhani ni mchezo akumbuke Septemba 2023, shule moja ya Uthiru ilipotozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu.

Mwanangu ana miaka 20, karo nalipa mimi, na chuo kimekataa kunionyesha faili lake la ulemavu. – Mzazi, Machakos

Kimefanya vyema, mama. Muulize mwanao.

Nina kifafa. Nikijiandikisha kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, mwajiri atakuja kujua? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Chuo hakina ruhusa ya kumwambia, wala jambo hilo halina nafasi kwenye hati yako ya matokeo. Jiandikishe. Wengi hukaa kimya kwa woga, kisha wanaanguka kwenye chumba cha mtihani ambamo hakuna ajuaye la kufanya. Lakini kabla ya kutia sahihi, uliza nani atasoma fomu, itawekwa wapi, itateketezwa lini. Idhini ya "matumizi yoyote ya chuo" ikatae. Una haki ya kuliona faili lako na kudai makosa yarekebishwe.

Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Hifadhi barua pepe zote na picha za skrini zenye tarehe.