Kile Kiti cha Nahodha

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na ile mara ya tatu bajia ziliniungulia jikoni, deni hilo ni lako. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mimi na wewe hatuachi kukatizana maneno.

Unasema bintiyo ameshikana na yule mzee wa nyumba ya chini, mstaafu wa reli. Akitoka shule tu, yuko naye uani wakicheza drafti. Mumeo haoni neno, wewe hulali. Halafu ukaniuliza: "Mama, mimi nilikuwa na miaka 14 nikishinda na Nahodha. Uliwezaje kutuamini?"

Sikuwaamini. Si wewe wala si yeye.

Nahodha hakuwa mtu wa watu, unakumbuka. Mtoto akikalia baraza yake, bakora inatoka kabla ya salamu. Alikuwa amekwenda na jahazi Pemba, Lamu, Kismayu, na safari mbili mpaka Maskati kwa boriti za mikoko, kabla serikali haijazuia boriti kupelekwa nje mwaka 1982. Toka hapo, akisema mwenyewe, akawa nahodha wa baraza. Basi wewe ukaosha mchele, ukamwaga yale maji dirishani, yakamshukia kichwani, kofia na shati. Nikajua leo tumekwisha. Yeye akaangalia juu, akauliza, "Umeangalia upepo kabla ya kumwaga?" Nilikutuma ukaombe radhi. Ukakaa huko saa mbili nzima.

Kesho yake ukashuka tena, na kesho kutwa. Nami nikaanza kuchagua mchele pale dirishani. Kilo moja ya mchele nauchagua kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi! Chuya zote za Mombasa nilizitoa mwaka ule. Nikimwona akichora mwezi kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya baraza, mwezi mchanga, nusu, mpevu, halafu anaufuta na kukwambia uchore wewe. Sauti yake ilikuwa ya kupigia kelele matanga, kwa hivyo nasikia kila kitu. Mwezi ukiandama ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, ukiwa mpevu ni bamvua. Bamvua la hapa kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne. Kila siku yanachelewa dakika 50 hivi, mpaka ufike nusu mwezi, hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Anakutajia siku ya mwezi, wewe unamtajia saa. Ukikosea anapiga bakora chini. Ukipatia hasemi kitu, anakunywa kahawa yake.

Maneno ya mtaani yakaanza. Mmoja aliniambia sokoni, mbele ya watu, "Mwanao amepata mchumba wa miaka 70." Yuko mbele ya haki sasa, simtaji. Lakini niseme ukweli niliokuficha miaka yote hii: si maneno yale peke yake. Babako alikuwa Dammam, Saudia, mwaka wa pili, wewe kwangu hata salamu unanitupia kama mtu anayemtupia paka kichwa cha samaki, na kule chini nakusikia ukicheka. Nilimwonea wivu mzee wa watu. Baada ya Idd, mwaka 2004, nikakukataza. Sikukueleza sababu, nilisema tu nikikuona tena pale utanijua. Ulinitazama ukaenda zako chumbani.

Nawe hukusikia, bila shaka.

Ile Jumapili ya tarehe 26 Desemba nilidhani uko kwa shangazi yako Bondeni. Mimi niko kwenye karai na viazi vyangu, nduguyo na wenzake wako kwenye ngazi za Leven, zile zinazoshukia baharini, wanaogelea. Mwezi ulikuwa mpevu. Maji yalikuwa yamekupwa asubuhi kama kawaida, na mchana ule yalikuwa yanapanda. Wewe uko barazani kwa Nahodha, kichochoro kile kinakuonyesha bahari kipande tu, kama upana wa kanga. Saa sita imepita, ukasema, "Babu, maji yanarudi nyuma."

Hayo alinisimulia yeye. Alisema siku zote ukikosea alikurekebisha, lakini siku ile aliangalia bahari, akaangalia kile kivuli cha jua ukutani, akachukua bakora. Mtu ambaye kwenda msikiti wa jirani tu kulikuwa kunamchosha alishuka ngazi zile zote mpaka chini. Watoto wakamcheka. Akawatukana tusi la majahazini ambalo nduguyo mpaka leo anakataa kunitajia. Wakatoka majini, kwa tusi, si kwa hekima.

Maji yakarudi. Hakukuwa na wimbi la kuvunjika, nduguyo anasema yaliumuka kama maziwa yanavyopanda sufuriani ukigeuza uso. Yakachukua ndara na mashati yao, yakashuka, yakapanda tena. Alinijia nyumbani kifua wazi, mguu mtupu, nikampiga kofi kabla sijauliza. Jioni ndipo redio ikatwambia kwamba ardhi ilitetemeka chini ya bahari huko Sumatra, kwetu ilikuwa saa kumi kasoro alfajiri, na mawimbi yamevuka bahari nzima mpaka kwetu. Polisi walikuwa wanawatoa watu ufuoni. Kenya alikufa mtu mmoja. Kwingine walikufa zaidi ya 200,000. Mtaani wakaanza kusema Nahodha kaokoa watoto. Yeye hakupenda. Alisema wangelowa tu, na kwani si walikuwa wameshalowa.

Kesho yake nikashuka na sahani ya viazi vya karai na chatini ya ukwaju. Wewe ulikuwa umelala. Hii sehemu huijui.

Nilisimama pale sijui nianzie wapi. Akapokea sahani, akaonja kimoja, akasema, "Mchele wenu una chuya nyingi sana, Bibi."

Nikataka ardhi inimeze. Akacheka, ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake mawili. Kisha akanionyesha kiti chake, kile cha mbao chenye kamba za ukindu. Akauliza kama nakumbuka kilikuwa wapi zamani. Nikafikiri. Zamani kilikuwa mlangoni, penye kivuli. Akaniambia, "Mwanao aliporudi siku ya pili, nilikileta hapa pembeni. Pale mlangoni jicho lako la dirishani halifiki."

Mwanangu, pale pembeni jua la alasiri linampiga mtu usoni. Mwaka mzima nilimwona amekunja uso, nikasema huyu mzee ana roho ngumu. Kumbe ni jua. Na wewe hakukuingiza ndani hata siku moja, hata mvua ikinyesha alikwambia nenda kwenu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia haya mapema. Akasema, "Ningekwambia, ungeniamini?" Akaendelea na viazi vyake.

Kukataza kukaisha hapo. Sikukutangazia, nilikwambia tu umpelekee chai ya tangawizi, nawe ukanitazama kama mtu aliyeona jini.

Sasa huyo mzee wako wa reli mimi simjui, na mtu kuwa na mvi si hati ya tabia njema. Unasema wanacheza uani. Uani wapi? Ukiwa jikoni unawaona? Pale pa kukaa alipachagua nani, yeye au mtoto? Siku akimwita ndani akaone kitu, au akimwambia "hili usimwambie mamako", basi hakuna mjadala, hata kama ameshahiji mara saba. Lakini usimhukumu kutoka dirishani kama mimi. Nilikaa juu mwaka mzima na sinia la mchele, na ngazi za kushuka ni kumi na moja. Shuka na sahani. Kaa hapo wacheze mbele yako, na umuulize nani anashinda. Mtoto akinuna kwa sababu umekuja, mwache anune.

Nahodha alipofariki mwaka 2011 wanawe waliniuliza kama nataka kitu. Nilichukua kiti. Kiko roshani, kamba nimeisukisha upya, na ndipo nilipokaa kuandika hii.

Mwezi umeandama jana. Leo maji yamejaa karibu saa kumi na moja jioni, nami nilishahesabu tangu asubuhi. Mwambie mjukuu wangu akija likizo alete hiyo drafti.

Mamako