Ngazi kwanza iondoe

Mwanangu,

Barua yako imefika, na picha zote mbili nimezitazama mpaka macho yakaniuma. Unauliza upige dawa gani kwenye ule uyoga mgumu uliochomoza chini ya mwembe wa mteja wako, kimo cha goti, na kama dozi moja itatosha.

Dawa haipo. Unachokiona nje ni tunda; kuvu yenyewe imo ndani ya mbao, na huenda imekaa humo miaka kabla ya kutoa tunda la kwanza. Ukiling'oa, mti haupati nafuu yoyote, ila wewe umempoteza shahidi wako. Liache palepale. Mteja anakulipa ujibu swali jingine, hata kama yeye mwenyewe hajui kuliuliza: mbao nzima iliyobaki ndani ya shina hilo ni kiasi gani, na iko upande gani?

Kwenye picha ya pili naona ngazi imeshaegemezwa. Iondoe. Mti husomwa kuanzia ardhini, majani huja mwisho. Watu huleta jani lenye madoa wakidhani wameleta ugonjwa wote. Chule na ubwiri unga, magonjwa ya kuvu, huharibu maua na matunda ya mwembe, lakini mara chache sana huua mti mkubwa. Kinachouangusha mti mkubwa kwa kawaida kiko chini ya goti lako.

Kwa hiyo piga magoti. Shina lenye afya hutanuka linapoingia ardhini, kama mguu wa tembo. Likiingia wima kama nguzo, kuna mtu amelifukia. Fukua kwa mikono, jembe liache, mpaka uone mizizi mikuu inapoanzia. Mizizi mingi imo ndani ya sentimita 60 za juu kwa sababu inataka hewa, na gome lililofukiwa hukaa na unyevu muda wote, ndipo kuoza hupata pa kuingilia. Tafuta pia alama ya mtaro wa bomba. Mzizi uliokatwa leo unaweza kukausha tawi la upande uleule miaka kadhaa baadaye, wakati mwenye nyumba ameshalisahau hata bomba lenyewe.

Kisha gome. Maji meusi au ya kahawia yakivuja karibu na ardhi, na udongo ukiwa wa kutuamisha maji, fikiria Phytophthora, kiumbe kinachofanana na kuvu na kuozesha mizizi na gome. Kwangua kwa kisu kipande kisichozidi ukucha: penye uhai utakuta kijani au krimu yenye majimaji, penye ugonjwa kahawia. Ukikuta kati ya gome na mbao utando mweupe kama ngozi nyembamba, unaonuka uyoga, hiyo ni kuvu iitwayo Armillaria, nayo husafiri ardhini kwa nyuzi nyeusi kama kamba za viatu hadi mti wa jirani. Ukikuta ganda jeusi linalopukutika kama mkaa, sogea mbali. Hiyo ni Kretzschmaria. Mti wenye kuvu hiyo unaweza kujaa majani kileleni, kitako chake kikakatika ghafla kama kigae.

Ya kwako si hiyo, nadhani. Kibao cha kahawia, ukingo mweupe, vumbi kama kakao kwenye majani ya chini: hiyo inafanana na kuvu iitwayo Ganoderma. Kwaruza upande wake wa chini kwa ukucha. Weupe ukigeuka kahawia hapohapo, shaka itapungua. Ganoderma hula lignini, kile kinachoipa mbao ugumu, ikaacha nyuzi laini kama sifongo, hivyo shina mara nyingi huvimba kabla halijashindwa. Zipo kuvu za tabia nyingine, zinazokula nyuzi na kuacha vipande vya kahawia vyenye pembe nne. Mbao ya namna hiyo huvunjika bila kupinda.

Sasa zunguka shina ukiligonga kwa nyundo ya mbao. Mlio wa ngoma ni uwazi, ila gome lililobanduka nalo hulia hivyohivyo, basi usihukumu kwa sikio peke yake. Pale mlio unapobadilika, toboa kwa keekee nyembamba, tundu tatu na zisizidi, maana kila tundu ni mlango mpya. Tazama unga unaotoka: mweupe mkavu ni mbao nzima; ukiwa mweusi wenye unyevu na keekee ikazama yenyewe, hapo ndipo ukuta umeishia. Pima kina. Claus Mattheck, mtafiti wa uimara wa miti wa Ujerumani, alitoa kanuni kwamba ukuta mzima usipungue asilimia 30 ya nusu kipenyo. Shina la sentimita 60 lina nusu kipenyo cha 30, basi mpaka wako ni sentimita 9. Kanuni hiyo si ya shina lenye mdomo mkubwa ulio wazi, na haisemi lolote kuhusu mizizi.

Laiti ningepima hivyo siku ya mwembe wa bibi yako. Unaukumbuka, kovu la goti lako lilitoka juu yake. Ulikuwa na kibao kama hikihiki. Niliutazama nikasema uanguke, kwa sauti ya mtu asiyeulizwa mara mbili. Shina lilikuwa na kipenyo cha sentimita 80. Uwazi tuliokuta katikati, 18. Ukuta wa sentimita 31! Bibi hakusema neno. Alihamishia kiti chake ukutani, na uani hakukirudisha tena.

Baba yako mpaka leo hunitetea: tulipong'oa kisiki, mizizi miwili ya upande mmoja ilikuwa imeoza kabisa. Ni kweli. Lakini sita iliyobaki ilikuwa mizima, na hayo niliyajua mti ukiwa tayari uko chini. Ingawa, kama ungalimwangukia bibi akiwa amekaa pale, leo ningekuwa na jambo jingine la kunikosesha usingizi. Basi.

Mti hauponi, mti hujifungia. Nimekuimbia hilo tangu ulipokuwa unanishikia kamba, na leo nakuimbia tena. Alex Shigo, mtafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani, alipasua miti kwa maelfu kwa msumeno wa mnyororo, akaonyesha kwamba mbao iliyokufa haijengwi upya. Mti huizungushia kuta nne. Ulio dhaifu kuliko zote ni ule wa juu na chini, ndiyo maana kuoza hupanda ndani ya shina kama mafuta kwenye utambi. Ulio imara ni wa nne, unaotokana na mbao inayoota baada ya jeraha. Kwa hiyo mteja akikuambia ulikwangue pango mpaka liwe safi, ulijaze saruji, kisha upake lami, kataa. Kukwangua ni kubomoa ukuta uliojengwa kwa miaka, na lami haizuii kuoza.

Ukiona mti unastahili kubaki, upunguzie mzigo wa upepo kwenye ncha za matawi marefu, usiukate kichwa. Robo ya majani mabichi ndiyo kikomo kwa mti wenye afya. Kwa mgonjwa hata robo naiona nyingi, kwa kuwa majani ndiyo yanayogharimia hizo kuta. Tawi zito likate mara tatu. Anza kutoka chini, kama sentimita 30 mbali na shina, theluthi ya unene. Kisha sogea nje kidogo ukate kutoka juu, lianguke bila kuchuna gome. Mwisho ondoa kipande kilichobaki, ukipita nje tu ya ule uvimbe tunaouita shingo ya tawi. Ukisawazisha na shina, umekata shingo yenyewe. Ukiacha kipande kirefu, kitakufa na kuoza kitapitia humo. Tawi linalokauka kuanzia nchani huku likitoa gundi, fuata doa la kahawia ndani ya mbao mpaka liishe, shuka kiganja kimoja zaidi, ndipo ukate. Na futa msumeno kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kugusa mti mwingine.

Na usijifunge kwenye shina hilo. Tumia jukwaa la kuinua, au kamba iliyofungwa kwenye mti mwingine ulio mzima. Hapo sina mjadala.

Najua unangoja niseme ukatwe au uachwe. Ulimi unaniwasha, na ile picha ya kwanza ina jambo linalonivuta upande mmoja kabisa, lakini niliwahi kusema haraka. Tena hukuandika chini yake pana nini. Kama hapapiti mtu, kuoza ni kuoza tu. Kama pana dirisha la chumba cha kulala, hesabu hubadilika. Fukua, gonga, pima, kisha nitumie picha ya upande wa pili wa shina, rula ikionekana ndani yake. Na upana wa uwazi uniandikie kwa sentimita, usiniandikie "mkubwa kiasi" kama ulivyozoea.

Mama yako