Kuandikisha duka kwenye Google Maps hakulipiwi

Je, kuandikisha duka lako lionekane kwenye Google Maps, ramani ya Google ya simuni, hulipiwa? La, hutozwi hata shilingi moja, na anayekudai "ada ya usajili" anauza kazi yake ya kukujazia fomu tu. Huduma hiyo, Google Business Profile, ambayo hadi mwaka 2021 ilijulikana kama Google My Business, inahitaji akaunti ya Google na uthibitisho kwamba biashara ipo kweli. Siku hizi mara nyingi ni video fupi inayoonyesha mtaa, kibao cha duka na wewe mwenyewe ukifungua mlango.

Nalijua hili kwa sababu nauza kofia zilizoshonwa kwa mkono katika kichochoro cha Mji wa Kale, Mombasa, mahali ambapo mgeni aliyeshuka treni katika stesheni ya Miritini hawezi kufika kwa kuelekezwa kwa maneno. Anafungua simu, anatafuta, na duka lisiloonekana pale, kwake halipo. Kwa hiyo niliweka alama ya ramani mlangoni penyewe, si barabarani, nikatia picha ya ule mlango wa nakshi, kisha nikaandika saa za kazi, pamoja na ile ya Ijumaa ninapofunga kwenda msikitini.

Ila ukiwa fundi wa kuwafuata wateja majumbani, bila mahali pa kuwapokea, kanuni za Google zinataka ufiche anwani na utaje maeneo unayohudumia tu, kama vile Nyali, Likoni au Kisauni. Anwani ya kubuni inaweza kusababisha ukurasa wa biashara yako usimamishwe.