Fimbo ya Alfajiri kwa mtoto wa miaka tisa

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Niko Makambako. Mume wangu ni dereva wa lori, hukaa safarini hata wiki tatu. Shemeji tunayeishi naye humwamsha mwanangu wa miaka 9 kwa fimbo ili aswali Alfajiri, na kumtaka atawadhe kwanza kwa maji ya bomba, na baridi hii ya Julai. Anasema ni amri ya Mtume. Sasa mtoto ameanza kudanganya kuwa ameswali. Nikimtetea naambiwa namdekeza. Je, nakosea?

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Hukosei. Fimbo imeniuma, lakini huo uongo wa mtoto umeniuma zaidi.

Hadithi anayoitegemea shemeji yako ameipokea Abu Daud, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi: waamrisheni watoto swala wakiwa na miaka 7, na wapigeni kwa kuiacha wakiwa na miaka 10. Mwanao ana 9! Na hiyo kumi imetanguliwa na miaka mitatu ya kuambiwa tu, swala tano kila siku; ni zaidi ya mara 5,000 za "mwanangu, njoo tuswali". Yeye amemwita mara ngapi kabla ya kwenda kukata fimbo? Tena anampiga aliyelala. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa, yaani haandikiwi dhambi, kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa mtoto mpaka abaleghe. Mwanao ni wote wawili. Hata kwa aliyefika kumi, wanazuoni wamekataza kipigo cha kuumiza na cha usoni.

Atakuambia kutawadha penye tabu kuna thawabu. Kweli, kwa aliyekosa njia nyingine. Kuitafuta tabu huku mkaa upo jikoni si ibada. Sahaba Anas alimtumikia Mtume miaka 10 akiwa kijana mdogo, asiambiwe hata "ah!". Hiyo nayo ni Sunna, mbona haishikwi?

Usiku jaza maji ya moto kwenye chupa ya chai, uyachanganye alfajiri. Mwamshe wewe, kwa mkono begani, mswali pamoja. Acha kumuuliza "umeswali?", maana mtoto mwenye hofu hulijibu swali hilo kwa uongo. Baba yake naye, hata akiwa kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, ampigie simu baada ya swala, amsikie.

Kuhusu shemeji, usibishane naye peke yako. Mwambie mumeo leo, amkataze ndugu yake yeye mwenyewe. Asiposikia, mwendeeni imamu wa msikiti wenu. Wallahu a'lam.