Sindano ya mtoto mwenye mzio wa karanga ikae wapi shuleni?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 6, uzito kilo 20, na ana mzio mkali wa karanga. Shule imepokea sindano yake ya adrenalini lakini wameifungia kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu. Wanasema akidhurika watampa kwanza dawa ya maji ya aleji, wanipigie simu, ndipo tuamue kuhusu sindano. Mwalimu wake wa darasa anaogopa kumchoma. Mpango huu unatosha?

JIBU: Hautoshi, mama. Nakusihi uonane na mwalimu mkuu wiki hii hii, kwa sababu kinachookoa maisha kimewekwa mwisho.

Dawa ya aleji hutuliza muwasho na vipele, basi. Haifungui njia ya hewa iliyovimba wala haipandishi presha inayoshuka. Adrenalini hufanya yote mawili, mradi isicheleweshwe. Simu yako ije baada ya sindano na baada ya kuita gari la wagonjwa. Je, kama uko mahali pasipo na mtandao?

Kuhusu kabati: ninapowafundisha walimu, humwomba mmoja akaifuate sindano huku nikitazama saa. Mara nyingi hurudi mikono mitupu, kwa kuwa mwenye ufunguo ametoka. Iwekwe mahali pasipofungwa, panapojulikana na kila mtu mzima shuleni, mbali na jua na isitiwe kwenye friji. Zikiwa mbili ni bora, maana asipopata nafuu baada ya dakika 5 huchomwa ya pili. Tazama pia tarehe ya kuisha muda wake.

Walimu wasisubiri vipele, kwani safari nyingine havitokei kabisa. Mtoto wa umri huo hatasema “koo linabana.” Atasema ulimi unamchoma, atajikuna midomo, atakohoa mfululizo, sauti itakwaruza, atatapika au atalegea ghafla. Akishindwa kupumua vizuri au akilegea, achomwe hapo hapo alipo. Wasimtembeze kwenda ofisini wala wasimwache akimbilie chooni kutapika. Kusimama tu kunaweza kuiangusha presha. Alazwe, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida, aketi huku amenyoosha miguu. Hata akichangamka, aende hospitali, kwa kuwa dalili zaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kwa kinga, watoto wasibadilishane chakula, na wanawe kwa maji na sabuni baada ya kula. Vitakasa mikono huua vijidudu lakini haviondoi protini ya karanga. Meza nayo ifutwe kwa maji na sabuni. Ila asitengwe kula peke yake pembeni. Hilo linaumiza, na halina haja akiwa na mtu mzima wa kumwangalia. Harufu ya karanga peke yake kwa kawaida haileti shambulio kali. Hatari kubwa ni kuila.

Hofu ya mwalimu naielewa, na ndiyo ninayoihangaikia zaidi. Sindano yenye kipimo tayari kwa uzito wa binti yako kwa kawaida hubeba miligramu 0.15. Ikichomwa pajani upande wa nje, hata juu ya nguo, na ikaonekana baadaye haikuhitajika, moyo utamwenda mbio na atatetemeka kwa muda mfupi, kisha hupita. Njoo na mwalimu huyo kliniki. Zipo sindano za mazoezi zisizo na dawa wala ncha; aijaribu kwenye paja lake mwenyewe mpaka mkono uzoee.